Sakafu ya Moto ya Mama Okrye

Hadithi hii nawapa nyinyi mlio na mama aliyebaki kijijini. Wengine pia wasikilize, maana mama huzeeka hata kwa jirani. Mimi naitwa Bongnim. Hapa kwetu Darakgol nimepachikwa jina la Redio, kwa kuwa wanasema sizimiki. Leo jina hilo nalikubali, kwani nitasema mpaka mwisho.

Siku hadithi inapoanza ilikuwa sikukuu ya mavuno. Majani ya mlimani yalikuwa yameshaanza kuwa mekundu, na baridi ya jioni ilikuwa imeanza kuteremka bondeni. Nyumbani kwa Mama Okrye moshi ulikuwa unapanda kutoka kwenye dohani, mzito na mweupe, nasi majirani tulipouona tulijua watoto wamefika. Giseop, mwanawe wa kwanza, alikuwa amekuja na mkewe kutoka Chuncheon, ambako ana duka la miwani. Malsun, binti yake, mpishi wa shule huko Wonju, alikuja na mtoto wake Sebom, ambaye alikuwa bado hajaanza shule. Mimi niliitwa kula, kama kawaida yangu ya kuitwa na hata nisipoitwa.

Nyumba ya Okrye ilikuwa ya kizamani. Moto unawashwa mekoni jikoni, moshi unapita chini ya sakafu kati ya mawe bapa, unayapasha moto, kisha unatokea dohani upande wa pili. Juu ya mawe kuna udongo, na juu ya udongo karatasi ngumu iliyopakwa mafuta, rangi ya asali. Upande ulio karibu na meko ndio wa moto zaidi, na ndio wa heshima. Hapo analazwa mzee, mgonjwa au mgeni. Hapo pia, chini ya blanketi, mama huficha bakuli la wali la mtu ambaye hajarudi, ili akifika alikute lina joto. Nyumba nyingi kijijini zilikuwa zimeshaachana na mambo hayo. Watu walishang'oa mawe, wakatandaza mabomba ya maji ya moto chini ya saruji, wakaweka boila nyuma ya nyumba, na sasa wanabonyeza kitufe tu. Okrye peke yake ndiye aliyekuwa bado anapasua kuni, naye mgongo wake umeshapinda.

Basi tulipokuwa tunamenya mapeasi, Malsun akalianzisha. Alisema mwaka huu sakafu ya mama lazima iwekwe mabomba kabla ya theluji. Mama hana tena nguvu za shoka, kuinama mekoni kila asubuhi kutamuua, na yeye Malsun yuko tayari kuwaleta mafundi wiki inayofuata.

Giseop alicheka. Alikuwa ameketi upande wa meko na kila mara alikuwa anahamisha matako, maana palikuwa panaunguza.

"Hebu weka mkono hapa," akamwambia dada yake. "Mimi naiva kama kiazi, wewe unazungumzia boila."

"Leo inaunguza. Kesho je?"

"Kesho ataweka kuni, kama alivyoweka leo. Tena sikiliza, hii nyumba nitaivunja. Nitamjengea mama nyumba mpya ya matofali, yenye mabomba chumba hadi chumba. Nani anapasua sakafu ya nyumba anayokwenda kuibomoa?"

"Hiyo nyumba mpya, kaka, tumeanza kuisikia tangu baba yupo hai."

Neno hilo lilimchoma Giseop. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayebeba jina la wazazi, na kumwachia dada yake aliyeolewa aweke moto katika nyumba ya mama ilikuwa kama kutangaza sokoni kwamba yeye ameshindwa. Hakuwa mtu mbaya, tuelewane. Alimpenda mama yake. Lakini alipenda pia kuonekana anampenda, na mambo hayo mawili si ndugu wa tumbo moja.

Okrye mwenyewe ndiye aliyeumaliza mjadala. Alisema hataki mabomba. Mawe yale aliyatandaza marehemu mumewe kwa mikono yake, moja baada ya jingine, mwaka walipooana. "Halafu sakafu ya mabomba haina kichwa wala miguu," akasema. "Kote ni sawasawa. Mgeni utamkalisha wapi?" Watu wakacheka, mapeasi yakaliwa, na habari ya boila ikafungwa. Waliondoka na mafuta ya ufuta, viazi na pilipili kavu, Giseop akimsifia mama yake kwamba sakafu yake inashinda hoteli.

Sasa ndugu wasomaji, niwaambie ambacho watoto wale hawakukiona. Gari lao lilipopinda kona ya mto, moshi wa dohani ulikatika. Haukupanda tena kesho yake wala keshokutwa. Kuni alizozichoma Okrye kwa ajili ya sikukuu ile ndizo alizokuwa amezikusanya tangu majira ya joto, kijiti kwa kijiti, akizificha bandani kama kindi anavyoficha karanga. Wakija watoto anachoma zote, sakafu inaunguza. Wakiondoka hana kitu, na hata akiwa nacho hakitumii.

Mchana haikuwa shida. Sisi wazee wa Darakgol tunashinda kwenye ukumbi wa wazee, ambako sakafu ni ya moto bure, na mimi ndiye ninayesimamia jiko la pale. Okrye alikuwa anafika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Watu walimtania kwamba amekuja kuolewa na sakafu ya ukumbi, naye alicheka nao. Lakini ukumbi unafungwa jioni, na kila mtu anarudi kwake.

Asubuhi moja majira ya baridi yalipokwishakolea nilimpelekea supu, kwa sababu hakuonekana ukumbini. Nilimkuta amejikunja ndani ya mablanketi, amevaa koti na soksi mbili mbili. Kando ya mto wake kulikuwa na kikombe cha maji. Maji yalikuwa yameganda. Nilikigeuza kikombe juu chini na halikudondoka tone.

"Dada," nikamwambia, "hivi unataka tukukute umeganda kama samaki wanaoanikwa kwenye theluji kule Daegwallyeong?"

"Acha maneno. Baridi hii ndogo."

"Kile kimkeka cha umeme alichokuletea Malsun kiko wapi?"

Akanionyesha kabati kwa kidevu. Kilikuwa ndani, katika boksi lake, kamba haijafunguliwa. Alisema anakiweka kwa ajili ya mgeni. Na koti jipya alilonunuliwa na Giseop nalo lilikuwa limening'inia na kipande cha bei shingoni, linasubiri siku nzuri. Nikamuuliza kwa nini asiwaambie watoto ukweli. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini asitembee uchi.

"Wakijua nina baridi, watalalaje huko mjini?"

Niliondoka pale nimekasirika, na mimi nikikasirika simu ndiyo inayoteseka. Nikampigia Malsun. Akashtuka, akampigia mama yake palepale, na mama akamwambia sakafu ni ya moto mpaka amefungua dirisha. Nikampigia Giseop. Huyo ndiye aliyenicheka kabisa.

"Shangazi, mimi sakafu ile nimeilalia mwenyewe. Usiku kucha nageukageuka kama samaki kwenye kikaango. Wewe umesikia wapi?"

"Sijasikia, nimeona. Maji yameganda kikombeni."

"Labda alikisahau nje. Shangazi, nakuheshimu, lakini unajua mwenyewe wanavyokuita kijijini."

Nilimwambia mtu anayeuza miwani angejivalisha moja kwanza, kisha nikakata simu. Lakini ukikaa ukafikiri, kosa lake lilikuwa jepesi kueleweka. Alikuwa anasema alichokigusa kwa mkono wake. Kila alipokuja, sakafu ilikuwa moto. Hakuwahi kuja siku isiyo na taarifa, kwa sababu kwetu mtoto mwenye adabu hupiga simu mapema, ili mama asihangaike ghafla. Na simu hiyo hiyo ya adabu ndiyo iliyokuwa kibiriti cha Okrye.

Ukafika Mwaka Mpya wa kale, ule wa kalenda ya mwezi. Theluji ilikuwa imefika magotini. Okrye aliposikia watoto wanakuja, alitoka kuokota matawi chini ya misonobari akiburuta gunia, nami nikaenda kumsaidia huku nikimgombeza. Mkesha wa sikukuu akaanza kuchoma. Sakafu iliyokuwa imelala baridi wiki nyingi ikapigwa moto mkali kwa mkupuo mmoja. Jamani, hata sahani ukiitoa barafuni ukaitia jikoni inapasuka. Chini ya karatasi udongo ulipasuka, upande uleule wa heshima. Ufa ulikuwapo tangu zamani, mdogo, na Okrye alikuwa ameufunika kwa kipande cha karatasi na gundi ya unga. Safari hii ukafunguka. Yeye akaona karatasi imevimba kidogo, akaweka godoro juu yake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na Okrye aliuziba kwa godoro.

Asubuhi ya sikukuu ilikuwa nzuri. Watoto walimpigia mama magoti na kumsujudia, tukanywa supu ya mikate ya mchele, Giseop akajisifia tena joto la sakafu. Kisha wakavaa mabuti kupanda mlimani kwenye kaburi la baba yao. Sebom alikuwa na mafua, macho yanalengalenga, wakaona abaki na bibi yake. Okrye akamlaza mjukuu mahali pazuri kuliko pote ndani ya nyumba, upande wa meko, juu ya lile godoro. Nje upepo ulikuwa unavuma kutoka mlimani na kuurudisha moshi ndani ya dohani. Akafunga dirisha, akavuta na pazia la plastiki, mtoto asipigwe na baridi. Kila alichokifanya alikifanya kwa upendo, na kila kimoja kilikuwa kinafunga mlango wa pumzi.

Mimi nilikuwa nimepika mikate ya viazi, nikasema niwapelekee ingali ya moto. Kwenye jiwe la mlangoni nikaona viatu pea mbili, vya Okrye na vidogo vya Sebom. Nikaita. Kimya. Nikaita tena kwa jina la mtoto. Nikadhani wamelala, nikataka kuacha sinia barazani niondoke, maana mtoto mgonjwa haamshwi. Sijui ni nini kilichonifanya niuvute mlango. Labda ni umbeya wangu, na kama ni huo basi Mungu aubariki.

Okrye alikuwa amelala kifudifudi katikati ya chumba, mkono mmoja umeelekea mlangoni. Mtoto alikuwa kwenye godoro, ametulia, mashavu mekundu kama aliyepakwa rangi ya bibi harusi. Mtu mwingine angesema, tazama mtoto alivyonawiri. Lakini sisi tuliokulia enzi za makaa tunaijua rangi ile ya sumu ya moshi. Tulizika nayo watu. Niliangusha sinia, nikamnyakua Sebom, nikamtoa barazani kwenye theluji, nikarudi kumburuta Okrye kwa mabega yake. Kisha nikapiga kelele, na kwa mara ya kwanza kijiji kizima kilifurahi kwamba mimi ni Redio.

Watu wakaja mbio. Bibi mmoja akaleta bakuli la maji ya achari ya figili, akitaka kumnywesha mtoto, kama tulivyokuwa tunafanya zamani. Nikalisukuma bakuli. Aliyezimia hanyweshwi kitu, anahitaji hewa. Mwenyekiti wa kijiji akapiga simu ya gari la wagonjwa. Giseop na Malsun waliziona purukushani zetu kutoka juu mlimani, wakateremka wakianguka na kuinuka. Malsun akamchukua mwanawe mikononi na kuanza kumwita jina, na sauti ile siisahau. Sebom hakuitika.

Okrye ndiye aliyefumbua macho kwanza. Alikuwa amelazwa kwenye ubao wa baraza, theluji kwenye nywele, mwanawe ameinama juu yake. Akajaribu kusema mara mbili, ya tatu ikatoka.

"Sakafu ni ya moto? Mtoto hapati baridi?"

Giseop akageuza uso akalia mbele za watu wote, mtu mzima na koti lake la sikukuu.

Hospitali ya mjini waliwaingiza wote wawili katika chumba cha oksijeni, kile kinachofanana na tangi lenye vidirisha. Daktari hakutoa ahadi. Alisema moshi ule umekaa kwenye damu ya mtoto mdogo, na wasubiri. Kungoja kule sitakuelezeni. Aliyewahi kungoja nje ya mlango wa hospitali anajua, na asiyewahi Mungu amwepushe. Malsun hakumlaumu mtu. Alikaa ameshika kiatu kimoja cha mwanawe, maana kingine kilibaki kwenye theluji.

Giseop alinirudisha kijijini kuchukua nguo za mama yake. Tukaingia katika nyumba ile. Moto ulikuwa umeshakufa, na baridi ilikuwa imerudi mahali pake pa kawaida. Alivua viatu, akakanyaga, akasimama. Kisha akainama akaweka kiganja sakafuni, upande wa meko, kama daktari anavyompapasa mgonjwa. Alikwenda bandani, hakukuta kuni hata moja. Akafungua kabati kutafuta sweta, akakutana na boksi la mkeka wa umeme, kamba yake kama ilivyotoka dukani, na koti lake lenye kipande cha bei. Akaliinua godoro akauona ufa, na masizi pembeni yake. Masizi ya chini yalikuwa ya zamani.

Alikaa chini.

"Shangazi," akasema mwishowe, "huwa inakuwa baridi hivi?"

"Siku zote ambazo wewe hupo."

Nilikuwa nimeyabeba maneno mengi makali ya kumwambia tangu siku ile ya simu. Nilipomwona amekaa pale, miguu ameikunja kama mtoto aliyefukuzwa shule, niliyameza yote. Nikamfungia nguo za mama yake kwenye kitambaa, tukarudi mjini.

Sebom aliamka. Kwanza alitapika, kisha akaulizia mikate ya viazi, na Malsun akacheka na kulia kwa pamoja. Okrye alikaa hospitali zaidi, na mkono wake wa kushoto mpaka leo hauna nguvu ya kushika kikombe kilichojaa. Alipoweza kukaa kitako, watoto wake wakamuuliza kile ambacho mimi nilikuwa nimekiuliza siku nyingi. Alijaribu kuficha, akaona haifichiki.

"Nikiwa peke yangu naiwasha kwa ajili ya nani?" akasema. "Nyinyi mkija ndiyo baridi yangu inakwisha."

"Mama, mimi nilitaka kukujengea nyumba nzuri," Giseop akasema.

"Nyumba ninayo. Nilitaka kukuona wewe tu."

Hapo Giseop akamgeukia dada yake. Akamwambia alete mafundi wake, wapasue sakafu, waweke mabomba, na kama kuna mtu kijijini atauliza ni nani ameweka moto kwa mama, aambiwe ni Malsun. Kwa mtu wa aina yake maneno hayo yalikuwa mazito kuliko nyumba ya matofali. Okrye alikataa kidogo, kama desturi, kisha akakubali kwa sharti kwamba mawe ya marehemu yasitupwe. Theluji ilipoyeyuka mafundi walikuja, wakayatoa mawe yale meusi, na yale yaliyo bapa zaidi wakayapanga mlangoni yawe ngazi. Mabomba yakatandazwa, saruji ikamwagwa, boila ikafungwa nyuma ya nyumba, na ukutani kukawa na kitufe kama kwa watu wengine.

Hadithi ingeishia hapa kama Okrye angekuwa mtu mwingine. Wengi wetu tunadhani ukishanunua kitu umeshamaliza. Baridi ya mwaka uliofuata ilipoanza, nikaona Okrye anafika ukumbini wa kwanza na kuondoka wa mwisho, vilevile. Nikapita kwake, nikagusa sakafu. Ilikuwa kama kaburi. Alikuwa amezima boila, anasema inakula mafuta. Watoto wakipiga simu kwamba wanakuja, anabonyeza.

Nikampigia Giseop. Safari hii hakucheka. Aliniuliza jambo moja tu, kama ni leo au ni siku zote. Nikamwambia asiniulize mimi, mkono anao.

Alikuja siku ya katikati ya wiki, siku ya kazi, duka amelifunga, simu hakupiga. Nilikuwa pale kwa Okrye tunachambua maharage, tumevaa makoti. Okrye aliposikia viatu kwenye ngazi alikurupuka kwenda kwenye kitufe, lakini mwanawe alikuwa ameshaingia. Giseop hakusalimia. Aliinama, akaweka kiganja sakafuni. Nikajiandaa kwa ugomvi.

Hakugomba. Alivua koti akalikunja. Akavua soksi, moja kisha ya pili, akakaa na miguu mitupu juu ya saruji ile ya baridi, mbele ya mama yake.

"Vaa soksi," Okrye akamwambia. "Utaugua."

"Sivai. Hapa ndipo mama yangu anapoishi. Nami nitakaa hivi hivi."

"Giseop."

"Nimefunga duka, mama. Sina haraka."

Okrye akanitazama mimi nimsaidie. Nikaendelea kuchambua maharage. Alivumilia, lakini hakuvumilia sana, maana macho yake yalikuwa kwenye vidole vya miguu ya mwanawe, vilivyokuwa vinaanza kubadilika rangi. Mama anaweza kuganda mwenyewe majira yote ya baridi, ila miguu ya mtoto hawezi kuiona inaganda. Aliinuka akinung'unika kwamba amezaa punda, akabonyeza kitufe. Tulisikia boila ikinguruma nyuma ya nyumba.

Tangu siku ile Giseop anakuja bila kupiga simu. Anaweza kuja Jumanne, akaja tena kesho yake, kisha asionekane mpaka wiki nyingine. Malsun naye akajifunza ujanja huo, anatokea na Sebom wakati wowote, na Sebom siku hizi akivua viatu huweka kiganja sakafuni kwanza, kama mjomba wake, halafu ndiyo anamkumbatia bibi yake. Okrye analalamika ukumbini kila siku. Anasema watoto wa siku hizi hawana adabu, wanakuja kama mvua, hujui saa wala siku, na sasa hawezi kabisa kuizima boila, je wakitokea? Anasema hivyo, na mashavu yake yamejaa. Na ukumbini siku hizi anakuja amechelewa.

Majuzi theluji ilianguka mchana kutwa na barabara ya mto ikawa mbaya. Nilikuwa kwake, naye alikuwa ametoa bakuli la wali, akalifunika kwa kifuniko chake, akalifunga kwa taulo, akalisukuma chini ya blanketi. Nilimtania kwamba sakafu yake mpya haina kichwa wala miguu, sasa bakuli atalijuaje mahali pa kuliweka. Akasema kote kuna joto, linakaa popote. Hatukuwa tumemaliza chai Giseop akaingia, theluji mabegani, akainama akagusa sakafu. Mama yake akalitoa bakuli na kulifungua. Wali ulikuwa bado unatoa mvuke.

"Ulijuaje nakuja leo?" akauliza.

"Sikujua," Okrye akasema. "Naweka kila siku. Kula."

FUNZO

Ndugu zangu, nitakuwa mkweli. Hadithi hii si ya boila. Weka mabomba, usichelewe, usisubiri nyumba ya matofali ambayo labda utaijenga mama akiwa hayupo. Na kama dada yako ana uwezo leo, mwache aweke leo, heshima yako haitaungua. Lakini ujue kwamba mzazi atakuwashia moto siku unayokuja, na wewe ukiugusa utasema nyumbani hakuna shida. Siku unayotarajiwa ndiyo siku usiyoweza kuona kitu. Basi nenda siku usiyotarajiwa. Weka kiganja sakafuni kwanza, salamu zitafuata. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nimeona kwa macho yangu mwenyeji akipona, kwa sababu tu hakujua mgeni atafika lini.

Na wewe mama unayezima moto wageni wakishaondoka, nakuomba kama mdogo wako. Siku moja isiyo na mgeni, iwashie nafsi yako.